Rangi ya Wageni

Mmeniomba niandike, nyinyi wa karakana, na mmeniomba kwa adabu, kwa hivyo siwezi kukataa. Mmesema nieleze safari yangu ya kazi. Safari gani? Nilikuwa naondoka nyumbani Gazi asubuhi, nafika kiwandani, natia oili, narudi. Wala msitarajie niwaambie nilipandishwa cheo lini na nani alinipa mkono siku hiyo. Vyeo vya kile kiwanda nimeviona vikigawiwa watu wasiojua bolti inakazwa upande gani, na sina hamu navyo. Nitaeleza habari za masanduku ya gia, maana hayo ndiyo niliyoishi nayo. Na nitaeleza habari ya mguu wa Riziki, maana nawaona mnapita pale langoni kila siku, mnanunua viazi karai kwake, mnamwambia aongeze ukwaju, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kwa nini anachechemea.

Kama kuna atakayeudhika, na audhike. Mimi nimeshastaafu.

Niliingia pale kama mfagiaji. Kwa asiyekijua kiwanda chetu, kinakamua mafuta ya nazi, kiko ndani kidogo ukiiacha barabara ya Msambweni, na harufu yake inakupokea kabla hujaliona lango. Nazi zinaletwa zimekwisha kufuliwa. Wanawake wanaketi chini kwenye meza wanazichambua, koroma ambazo hazijakomaa huku, zilizooza huku, na zilizo nzuri zinapanda juu kwa mkanda mrefu wa mpira unaoanzia hapo mezani mpaka kwenye mashine ya kuvunjia. Mkanda huo unavutwa na mota iliyo juu kabisa, kwenye jukwaa la chuma. Lakini mota ina mbio tu, haina nguvu ya kubeba mzigo. Kati ya mota na mkanda kuna sanduku la gia, tunaliita giaboksi, ambalo linapunguza zile mbio na kuzigeuza kuwa nguvu. Meno yaliyo ndani ya sanduku hilo ndiyo yanayopandisha nazi, na ndiyo hayo hayo yanayouzuia mkanda usirudi chini na nazi zake zote. Shikeni hilo, tutalirudia.

Siku yangu ya kwanza nilipewa ufagio na gunia la vumbi la makumbi ya nazi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: ukiona oili sakafuni, unamwaga makumbi juu yake, yanafyonza, unafagia. Chini ya jukwaa lile niliona tone. Nikamwaga makumbi, nikafagia, nikasugua mpaka sakafu ikang'aa, nikajisimamia pale kama mtu aliyefanya jambo. Akaja mzee mfupi, shati limekolea oili mpaka halina rangi tena. Huyo alikuwa Fundi Bakari, mtu wa Bodo, aliyekuwa akiangalia mashine zote zinazozunguka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani amefuta hapa?"

"Ni mimi," nikasema, nikingoja kusifiwa.

"Ehe. Tone lilikuwa kubwa kiasi gani? Lilikuwa jeusi au la manjano? Lilikuwa limechanganyika na maji?"

Nikamwambia sijui, nimefuta tu.

"Umefuta tu! Mashine imefungua kinywa iseme jambo lake, wewe umekimbia kuipangusa midomo. Keti hapo. Keti, binti, chini hapo, usubiri tone jingine, na likianguka uje uniambie liko vipi."

Nikaketi. Wenzangu wakapita wakanicheka, na mimi moyoni nikamtukana mzee yule matusi ambayo sitayaandika. Tone likachukua muda wake. Lilipoanguka nikaliangalia kwa hasira, nikaenda kumwambia ni dogo, ni la manjano, halina maji. Akasema, "Basi bado ni mzima. Kesho uje ukae na mimi." Hivyo ndivyo nilivyoacha ufagio. Watu walisema alinichukua mimi kwa sababu hakuna mwanamume aliyeweza kuuvumilia ulimi wake, na huo ulikuwa ukweli. Mimi nilikulia nyumba moja na shangazi watatu. Ulimi wa Fundi Bakari ulikuwa mambo ya kawaida kwangu.

Walisema pia kwamba mwanamke akishika oili, chakula cha nyumbani kitanuka dizeli. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikula chakula hicho maisha yake yote na hakuwahi kulalamika ila chumvi.

Sasa niwaambie alichonifundisha, maana wengi wenu mmekuja na vyeti na simu za kupimia joto, na hilo si baya, lakini nimewaona mkiipima mashine huku mnaangalia simu na si mashine. Ukifika kwenye giaboksi, kwanza simama. Usiguse kitu. Sikiliza. Kisha weka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, na utasikia ndani kama uko ndani. Gia nzima inavuma sauti moja, kama bibi anayesali kimoyomoyo. Kisha weka mgongo wa mkono, si kiganja. Ukiweza kuuacha hapo, kuna amani. Ukiutoa mwenyewe bila kutaka, kuna neno. Kisha tazama kile kioo kidogo cha ubavuni, uone oili imesimama wapi na ina rangi gani. Oili ikigeuka rangi ya tui, maji yameingia, na pwani hii maji yanaingia hata kwa hewa. Siku ya kumwaga oili, angalia ile plagi ya chini yenye sumaku. Ikitoka na matope laini meusi, huo ni uzee wa kawaida. Ikitoka na vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, meno yanakufa.

Na grisi, jamani, grisi! Kuna watu wanazipigia beringi grisi kana kwamba wanamlisha bwana harusi. Zinatapika, zile sili za kuzuia oili isivuje zinatoka, wao wanaendelea kusukuma bomba, kisha wanasema mashine hii ni mbovu. Mbovu ni wewe.

Jambo la mwisho alilonifundisha ni lile dogo kuliko yote. Juu ya kila giaboksi kuna kifuniko kidogo, ukubwa wa kizibo cha soda, chenye vitundu pembeni. Gia zikifanya kazi zinapata joto, hewa ya ndani inavimba, inatafuta pa kutokea. Inatokea hapo. Ukipaziba hapo, ile hewa haitakubembeleza. Itaisukuma oili itoke kwa nguvu kwenye sili za shafti, tone baada ya tone, mpaka meno yabaki makavu, chuma kinasaga chuma. Fundi Bakari alikuwa na kipande cha msumeno wa chuma alichokinoa kwa jiwe, akikitumia kukwangulia uchafu kwenye vitundu hivyo. "Hii ndiyo pua yake," alikuwa akisema. "Mtu hazibwi pua."

Aliponiachia kazi aliniachia na kile kipande cha msumeno. Hakusema maneno matamu. Alisema, "Usikipoteze, hicho ni changu," akaenda zake Bodo.

Baadaye akaja meneja mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita Bwana Maua. Alitoka mahotelini Diani, na wallahi, hotelini yamkini alikuwa mtu wa maana. Lakini kiwanda alikiona ni hoteli iliyochafuka. Akaweka vyungu vya maua kando ya boila. Maua yakafa, akaweka mengine, nayo yakafa. Akataka mashine ziogeshwe kwa mpira wa maji kila Ijumaa ili zipumzike zikiwa safi. Nikamwambia, "Bwana, maji yataingia kwenye oili." Akanijibu kwa ile sauti yao ya mapokezi, "Asante sana kwa maoni yako, Bi Mejumaa, tunayathamini." Mpira ukaendelea Ijumaa iliyofuata. Mimi nikawa namwaga oili ya rangi ya tui na kutia nyingine, na kumwaga tena. Mpishi hakuwa akikuna nazi nyingi kuliko mimi nilivyokuwa nikimwaga tui.

Wakati huo alikuwako mhandisi kijana, Wafula, mtu wa Bungoma. Kiswahili chake kilikuwa kimejaa mambo ya Nairobi, na shikamoo ilimchukua muda, lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi na masikio pia. Aliniita mathe, ndiyo mama ya kwao. Nilimwambia mimi si mathe, mimi ni Bi Mejumaa, akasema, "Sawa, mathe." Tukaelewana hivyo. Alijua kwa hesabu yale niliyoyajua kwa mkono, na tulipokutana juu ya giaboksi hatukuwa na ugomvi.

Ikatangazwa kwamba wageni wanakuja, wanunuzi kutoka ng'ambo pamoja na wakubwa wetu. Mnaijua desturi ya kwetu mgeni akija. Nyumba inapakwa chokaa upande wa mbele, zulia linatolewa lililofungiwa kabatini, na kikombe kilichovunjika mkono kinafichwa. Nyumbani hakuna ubaya, ni heshima. Bwana Maua akaichukua desturi hiyo akaileta kwenye mashine. Akaita mafundi rangi kutoka Ukunda, waliozoea kuta za hoteli, akawaambia kila kitu cha chuma kipakwe rangi ya fedha, king'ae. Kila kitu. Na wafagiaji wakaambiwa wasimame na makumbi yao mchana kutwa, tone la oili lisionekane sakafuni hata kwa dawa.

Mimi siku hizo sikuwako. Nilikuwa Majoreni kwenye matanga ya shangazi yangu, mmoja wa wale watatu. Nikarudi asubuhi ile ile ya wageni, na harufu ya rangi ikanipokea barabarani, imeimeza hata harufu ya nazi.

Ndani nilikuta harusi. Riboni kwenye mihimili. Wanawake wa meza ya kuchambulia wamevishwa leso za sare, wameambiwa waketi vizuri na watabasamu. Katikati yao alikuwa Riziki, shoga yangu tangu tuko chuo cha Kurani tunafinywa masikio na mwalimu mmoja. Akanipungia mkono, akanionyesha leso yake, akakunja uso kunichekesha. Mkanda ulikuwa unapita nyuma ya mgongo wake, umejaa nazi kuliko siku zote, kwa sababu Bwana Maua alitaka wageni waone neema.

Nikapanda jukwaani. Lile giaboksi lilikuwa linang'aa kama sufuria mpya. Nikatafuta kioo cha oili. Hakuna kioo, kuna rangi. Nikatafuta pua. Hakuna pua, kuna rangi, imeingia kwenye vitundu vyote na kukauka. Nikaweka mgongo wa mkono, mkono ukaruka wenyewe. Nikaweka bisibisi sikioni, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Nikachungulia chini, nikamwona mfagiaji anamwaga makumbi.

"Hapo panadondoka?" nikamuuliza.

"Sana, Bi Mejumaa, tangu walipopaka rangi. Lakini tunafuta mara moja, usiwe na wasiwasi."

Usiwe na wasiwasi! Sakafu ilikuwa safi kama kibao cha kukandia mikate. Giaboksi lilikuwa limeitoa oili yake yote, tone kwa tone, mchana kwa mchana, na kila lilipofungua kinywa kulikuwa na mtu ameajiriwa kulipangusa midomo.

Nikakwangua rangi kwenye kioo kwa msumeno wa Fundi Bakari. Kioo kikavu. Ndani hakuna kitu.

Nikashuka nikamfuata Bwana Maua. Alikuwa langoni ananyoosha tai.

"Bwana, mkanda mkubwa usimamishwe sasa hivi. Giaboksi ni kavu na meno yanasagika. Yakikatika, nazi zote zitarudi chini juu ya wale wanawake."

"Bi Mejumaa, karibu kazini, na pole kwa msiba."

"Asante. Simamisha mkanda."

"Wageni wameshapita Gazi. Baada ya wageni nakuahidi tutaliangalia pamoja." Kisha akautazama msumeno mkononi mwangu, na ile rangi ya fedha kwenye ncha yake. "Umekwangua rangi yangu?"

Hilo ndilo lililomuuma. Nimemwambia watu watakufa, yeye kaona mkwaruzo.

Nikamkuta Wafula chini ya ngazi, jasho linamtoka. "Nimemwambia tangu jana, mathe," akasema. "Nimemwandikia, nimempigia. Ati tungoje wageni waishe."

Basi nikafanya lililokuwa langu. Kando ya mkanda kuna kamba nyekundu ya hatari, ukiivuta kila kitu kinasimama. Nilipoifikia, nayo ilikuwa imepakwa rangi ya fedha. Nikaivuta. Mkanda ukasimama na mzigo wake wote, na kiwanda kikanyamaza. Nikawapigia kelele wale wanawake, "Ondokeni hapo! Nyote, inukeni!" Wakainuka, wengine wakisonya kwa sababu leso zao zimevurugika. Na wakati huo huo wageni wakaingia mlangoni, na Bwana Maua mbele yao, na tabasamu lake, na mikono ameitandaza.

Akauona mkanda umesimama. Akaona meza haina mtu. Lile tabasamu halikutoka, lakini macho yalibadilika.

"Rudini mahali penu, mama zangu," akawaambia, polepole, kama anayeimba. "Ni hitilafu ndogo tu. Rudini, rudini."

Nao wakarudi. Msiwacheke. Kila mmoja wao alijua nje ya lango kuna wengine wanaoomba nafasi ile. Nikamshika Riziki mkono, nikamwambia, "Wewe usikae. Nakuomba kwa Mungu, usikae hapo."

"Mejumaa, niache," akaninong'oneza. "Nikifukuzwa, ni wewe utakayenilishia wanangu?"

"Nitawalisha. Inuka!"

Bwana Maua akamwambia Wafula awashe. Wafula akasema, "Mimi siwashi." Alisema mbele ya wakubwa, na kwa neno lile moja nimemsamehe mathe zote alizoniita. Bwana Maua akacheka kidogo kwa ajili ya wageni, akaenda mwenyewe kwenye kitufe cha kijani, akakibonyeza kwa kidole chake.

Kuuwasha mkanda uliojaa ni kazi nzito kuliko zote kwa giaboksi, hata likiwa zima. Lile halikuvuma hata kidogo. Lilipiga mlio mmoja mkubwa, likawa limekwisha. Mkanda ukasimama kidogo, kisha ukaanza kurudi, na ukirudi unaongeza mbio, na zile nazi zikashuka zote kwa pamoja. Wanawake wa upande wa nje waliruka. Nilimvuta Riziki kwa nguvu zangu zote, nikamtoa kiwiliwili tu. Meza ikasukumwa na nazi ikaubana mguu wake kwenye chuma cha mkanda, na ninyi hamjawahi kumsikia mtu mliyekua naye akilia sauti ile. Nazi ziliendelea kuanguka mpaka kwenye viatu vya wageni. Moja ilibingirika mpaka miguuni mwa Bwana Maua, naye akainama akaiokota, akasimama nayo mkononi, hajui aiweke wapi.

Riziki alikaa hospitali muda mrefu. Mguu uliunga, lakini uliunga mfupi.

Kikaitwa kikao. Wafula alilifungua giaboksi mbele ya watu wote, ndani meno yamekatika na hakuna oili ya kuloweka hata kitambaa. Akatoa na ile pua iliyozibwa rangi, akaiweka mezani. Bwana Maua akaitazama, akashusha pumzi, akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba haya yote ni qadari ya Mungu.

Astaghfirullah. Mungu hakupaka rangi! Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, na sikuomba radhi wala siombi leo. Mtu anaogopa kuambiwa na mwanamke wa oili kwamba amekosea, lakini haogopi kumsingizia Mwenyezi Mungu.

Na mnajua alifanya nini baada ya kikao? Pale kwenye chuma palipombana Riziki palibaki alama. Akaita fundi rangi.

Hakukaa sana baada ya hapo. Alirudi mahotelini, ambako rangi haimvunji mtu mguu. Sisi tukaletewa giaboksi jipya, na mimi nikaitundika ile pua iliyozibwa kwenye ukuta wa chumba cha oili. Kila mgeni wa kazi niliyempokea nilimsimamisha mbele yake, nikamwambia ainuse. Nyinyi pia mliinusa. Mlicheka, mkadhani ni uzee.

Niwaambie sasa habari ya siku ya kuniaga, kwa sababu mliokuwa nje mkingoja pilau hamkuiona yote.

Meneja wa sasa ni kijana mwema. Hilo nalisema bila dhihaka, na ndilo linalonikasirisha zaidi, maana mtu mwema naye anapaka rangi. Nilifika nimevaa dera jipya, nimefukiza udi, na Riziki kando yangu na fimbo yake, ameacha karai langoni kwa ajili yangu. Tulipokaribia, nikasimama. Riziki naye akasimama. Tulitazamana.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia."

Rangi. Mbichi kabisa.

Meneja akaja mbio, "Shikamoo, Bi Mejumaa, karibu, karibu, wewe leo ndiye mgeni rasmi." Viti vilikuwa vimefungwa riboni. Nikamuuliza, "Mmepaka mpaka wapi, mwanangu?" Akasema kwa furaha, "Kote, mama! Kwa heshima yako."

Kwa heshima yangu! Nikamwachia Riziki mkoba, nikatoa ule msumeno, maana hata siku ile nilikuwa nao, nikaenda zangu ndani. Mkanda ulikuwa unakwenda. Pale chini kwenye meza wameketi wanawake wengine sasa, na mahali pa Riziki ameketi binti yake, Mwanakombo, mwenye kidevu kile kile cha mama yake. Nikaishika kamba ya hatari, nikaivuta.

Kiwanda kikanyamaza. Nikafungua kinywa niwapigie kelele waondoke, kama siku ile, lakini haikuwa na haja. Mwanakombo alikuwa ameshasimama. Hakuuliza kitu, hakutafuta meneja yuko wapi. Alimshika mkono jirani yake, huyo akamshika wa pili, wakatoka wote mpaka ukutani, wakasimama hapo wamekunja mikono. Meneja aliingia akasema, "Jamani, rudini kazini, ni sherehe tu." Mwanakombo akamwambia, "Tutarudi akimaliza." Nikatazama mlangoni nikamwona Riziki ameegemea fimbo yake, anamtazama binti yake, na uso ule siwezi kuueleza.

Nikapanda jukwaani kwa dera langu. Goti moja halipandi vizuri siku hizi, lakini lilipanda. Kioo kilikuwa rangi. Pua ilikuwa rangi. Nikapiga magoti, nikaanza kwenye pua, kitundu kimoja kimoja, na maganda ya rangi ya fedha yakaniangukia mapajani. Huko nje kipaza sauti kilikuwa kinapiga kelele, mtu anapuliza, anasema moja mbili, moja mbili. Kisha meneja akasimama chini ya ngazi, akaita kwa adabu.

"Bi Mejumaa, tafadhali, watu wote wameketi. Anangojwa mgeni rasmi."

"Mgeni si ni mimi?" nikamwambia. "Basi mwambie mpishi afunike sufuria. Hapa kuna vitundu vingine bado."